Mwenyekiti wa Mizinga ya Mtoni

Mwenyekiti hakupiga hodi kama watu wengine. Alisimama nje ya geti, akakohoa, akangoja. Ukikawia, alianza kuzungumza na kuku wako, anawauliza mwenyewe yuko wapi na mbona wamekonda hivyo, kwa sauti ya kukufikia jikoni, mpaka ucheke na utoke. Sijaona mtu aliyejua kuingia kwa watu vizuri kama yeye. Mtu akikuingilia kwa nguvu, unamkumbuka kwa hasira tu na mambo yanaisha. Huyu tulimfungulia wenyewe, tukamwekea kiti kizuri, tukamchemshia uji.

Alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kufuga nyuki, kule chini ya Siakago ambako mvua huja ikitaka. Lakini watu walimwita Mwenyekiti hata kanisani, hata matangani, hata mkewe akimwita chakula kimeiva. Jina lake lilipotelea hapo kwenye cheo. Nami sitalitaja, na si kwa heshima.

Wacha niseme mapema ili nisionekane nazunguka. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyompenda baba yangu. Na ndiye aliyenifanya niishi kwangu miaka mingi nimeinamisha kichwa kwa kosa ambalo halikuwepo. Yote mawili ni kweli, na bado sijui niyaweke wapi.

Kwetu mizinga ilikuwa mambo ya wanaume. Mwanamke alionja asali akipewa, na muratina, pombe yetu ya asali, ikipikwa kwa ajili ya mahari alibeba kuni na maji, basi. Mwenyekiti ndiye aliyesimama siku moja baada ya misa akasema wanawake waanzishe kikundi. Wanaume walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Yeye akangoja wamalize kucheka, kisha akasema, "Nyuki haangalii mwenye mzinga amevaa suruali ama leso. Tumeelewana?"

Hilo neno lilikuwa lake. Kila hotuba, fupi au ndefu, iliishia na "Tumeelewana?" na ilikuwa lazima ujibu "Tumeelewana," la sivyo angerudi mwanzo. Watoto wetu walimwigiza wakicheza, mmoja anakohoa, mwingine anauliza, wote wanajibu. Sisi mama zao tulijibu hivyohivyo, na hatukuwa tunacheza.

Kufundisha alijua, siwezi kumnyima hilo. Alikuja shambani kwangu wakati maboga yametoa maua, akaniomba kipande cha chandarua kilichoraruka. Akafunika maua kadhaa, yale ya kike yenye kiboga kidogo nyuma yake, akayaacha mengine wazi. Akaniambia nisiguse kitu, ningoje. Yale ya wazi yakavimba yakawa maboga. Yale ya ndani ya chandarua yakageuka manjano, vile viboga vidogo vikanyauka, vikaanguka kimoja kimoja. Nilikuwa nimelima maboga tangu utoto wangu, na siku zote nilidhani yakianguka ni jua.

"Umeona sasa," akasema, amechuchumaa kando ya shina. "Huyu mdudu ni mshenga. Anatoka kwa huyu anaenda kwa yule, mpaka ndoa inaingia. Asali ni chai anayokunywa njiani. Nyinyi mnakimbilia chai, mnasahau harusi."

Alikuwa na orodha yake na aliitaja akipita shambani, akigusa kila kitu kwa fimbo. Maembe ya nyuki. Alizeti ya nyuki. Mbaazi zinazaa zaidi nyuki wakizipitia. Hata migunga ya porini, ambayo mbuzi hula maganda yake wakati wa kiangazi, mbegu zake zinatoka wapi kama hakuna wa kuyaozesha maua? Na hakuwa mtu wa kutia chumvi. Alipofika kwenye mahindi alisema wazi, "Haya hayamhitaji, haya ni ya upepo. Lakini utakula mahindi matupu mpaka lini?" Akatuambia nyuki wakipungua mahali tusihesabu chupa za asali, tuangalie sahani ya mtoto. Mpaka leo nikimpa mtu mboga naangalia sahani.

Cha kushangaza, yeye mwenyewe asali hakuila. Alisema inamchoma kifua. Chai yake aliijaza sukari hadi kijiko kilisimama, na ukimtania kuhusu hilo alisema mchungaji halazimishwi kula kondoo wote.

Katika mambo madogo alikuwa mwaminifu hata akachosha. Ukimwazima panga, alilirudisha limenolewa. Ukimwazima sindano, alikuja nayo jioni imefungwa kwenye karatasi. Igoki wangu alipopandwa na homa akaanza kutingishika, ni Mwenyekiti aliyesimamisha pikapu ya mtu barabarani, akapanda nasi, akakaa kwenye benchi la hospitali mpaka mtoto akafungua macho. Alimshika mkono wakati wote huo. Mimi nililia, yeye akaniambia nifunge leso vizuri nisije nikapata baridi.

Na alikuwa mwongo. Wageni wa kaunti wakija kutazama kikundi, alivaa koti lake la kijivu akawaambia tuna mizinga ambayo hatukuwa nayo na mikutano ambayo haikukaliwa. Alidanganya bila kufumba jicho, huku akiwamiminia chai. Wakiondoka tulicheka naye mpaka mbavu zikauma. Tulidhani uongo wake ni wa kuuza nje tu, kama kahawa.

Sasa lazima nieleze mambo mawili ya kwetu, bila hayo hutaelewa alichofanya.

La kwanza ni la miti. Shamba la Mwenyekiti lilishuka mpaka mtoni, na kando ya maji kulikuwa na mikuyu, migunga na mikwaju mikubwa ambayo hakuna mtu aliyejua ilipandwa lini. Huko ndiko tulikotundika mizinga yetu, mizinga ya magogo, maana huko nyuki walipata maji na maua pamoja. Alitukaribisha mwenyewe. Na kwetu mzinga wenye nyuki unashika mti. Mti ni wako, shamba ni lako, lakini mzinga wa mtu ukiwa juu na nyuki wamo ndani, huwezi kuukata mti huo. Hata mtu mkorofi hathubutu. Mzinga ukiwa mtupu ni gogo tu, haushiki kitu.

La pili ni la nyumba. Kwetu tunasema nyuki hakai na watu wanaogombana. Bibi na bwana wakirushiana maneno, nyuki wao wanahama, hata mzinga ukiwa mbali na nyumba. Sijui nani alianza kusema hivyo, lakini tumelelewa nalo, na mtu ambaye nyuki wake wamehama hapiti sokoni vizuri. Watu wanamwangalia wanawaza kuna nini huko kwake.

Unganisha hayo mawili uone. Yeye aliyaunganisha.

Ilikuwa kiangazi. Akakohoa pale getini, na kuku hakuwasemesha. Nikajua kuna jambo. Aliingia, akaketi, akakataa uji. Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni anarekebisha mpini wa jembe.

"Mama Igoki," akasema, "nyuki wako wamehama."

 Sisi wanawake hatukupanda miti, hilo halikubadilika hata na kikundi. Wanaume ndio waliotupandia na kutuletea habari za juu. Kama amesema wamehama, wamehama.

"Sitaki kuuliza ya ndani," akaendelea, polepole, kwa huruma kabisa. "Lakini wewe na mzee mko sawa?"

Ni nyumba gani ambayo haina la kujibu hapo? Wiki hiyo tulikuwa tumekorofishana juu ya mbuzi aliyeuzwa bila mimi kuambiwa. Nilikuwa nimesema yangu, na nikisema yangu majirani husikia, siwezi kukataa. Mume wangu aliniangalia hata kabla mzee hajamaliza.

"Mwenyekiti, si unajua huyu na mdomo wake," akasema.

Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akanishika bega wakati wa kutoka, akaniambia nyuki wanaweza kurudi nyumba ikitulia.

Mama mkwe alipata habari kabla ya jua kuzama. Nilipika, nikabeba vyungu mpaka kwake, nikapiga magoti mbele yake na mbele ya shemeji zangu, nikaomba msamaha kwa kufukuza baraka ya boma. Shemeji mmoja alikula huku ananiambia nijifunze kuongea kama mke. Baada ya hapo nikaishusha sauti. Ugomvi ukinijia niliumeza. Mume wangu akiuza kitu, nilikuwa nafahamu kwa kutokiona. Igoki aliniuliza mbona siku hizi siimbi nikiosha vyombo, nikamwambia koo linauma. Koo hilo liliuma miaka, na mtu asiniambie ni jambo dogo. Ni kuishi kwako kama mgeni ambaye ameshatakiwa aondoke.

Mwenyekiti alikuja kututembelea mara nyingi kuliko zamani. Alimsemesha mume wangu kama mwanawe, akamkatia kipande cha shamba kule mtoni alime, ati mwanaume akiwa na kazi nyumba inatulia. Nilimshukuru kwa mikono miwili. Nikamwambia Mungu atamlipa.

Kisha misumeno ya injini ikaanza kulia kule chini. Mikuyu ikaenda, mikwaju ikaenda, migunga ikawa makaa. Moshi ulikaa kwenye bonde hata nguo tulizoanika zikanuka. Akapanda muguka, yale majani ya kutafuna yenye soko, mstari kwa mstari, mpaka ukingo wa maji. Mkutanoni mzee mmoja tu ndiye aliyeuliza kuhusu mizinga, na Mwenyekiti akamjibu kwa upole. "Mizinga mitupu haishiki mti. Hiyo si sheria yangu, ni ya wazee wetu. Na wenye mizinga wako hapa, kila mmoja anajua kwa nini nyuki wake walihama. Tumeelewana?"

Tukajibu tumeelewana. Tulijibu tukiangalia viatu vyetu. Alikuwa ametuacha na mizigo yetu, kila mtu na wake, na hakuna aliyetaka mwenzake auone.

Mizinga yenyewe aliturudishia kwa mkokoteni wa punda, kila mtu na wake, hakupoteza hata mmoja. Mali ya mtu ni mali ya mtu, alisema.

Ukweli ulitoka kwenye matanga. Tulikuwa jikoni ya nje, tunamenya viazi vya waombolezaji, na kuni zikapungua. Mama mmoja mjane, jirani yangu wa upande wa kanisa, akasema ana gogo la mzinga wa bure nyumbani, likaletwa, likapasuliwa. Ndani, kule mwisho kabisa, kulikuwa na kitambaa kimeshindiliwa. Kilikuwa kimekauka kama gome, lakini kilinuka mafuta ya taa, harufu ambayo nyuki haivumilii, na kila mtu akainusa. Kichwa cha mjane kilibaki kimeinama juu ya kile kitambaa.

"Mwenyekiti aliniambia wangu wamehama kwa sababu nilikula asali ya kwanza kabla ya kuwapelekea wakwe," akasema. "Mimi ambaye sikuonja hata tone."

Visu vikasimama. Mwingine akasema yeye aliambiwa ni kijana wake anayevuta bangi. Mwingine aliambiwa ni mimba aliyoificha bintiye. Mimi nikasema la mdomo wangu. Hatukuwa tumewahi kuulizana. Kila mmoja alikuwa amefunga mlango wake na aibu yake ndani, hasa kwa sababu alidhani yuko peke yake. Alitujua. Aliyajua ya kila nyumba kwa sababu kila nyumba ilimfungulia, akachukua yale tuliyomwambia kwa siri akatupigia nayo.

Nilienda nyumbani nikaupasua wangu. Kitambaa kilikuwemo.

Nikampelekea mume wangu mezani. Nikamweleza yote, ya mjane, ya wale wengine. Akakisogeza kitambaa kando ya sahani yake.

"Maneno ya jikoni ya matanga," akasema. "Hiki kitambaa kina mdomo? Si kinaweza kuwekwa na mtu yeyote? Hayo yaliisha, Mama Igoki, usiyafufue."

Mama mkwe naye akasema hivyohivyo. Nikaona hapa panataka mdomo wa Mwenyekiti mwenyewe. Sikutaka alipe. Sikutaka hata aombe msamaha. Nilitaka asimame nyumbani kwangu, mbele ya hao wawili, aseme sentensi moja tu, kwamba nyuki wangu hawakuhama kwa ajili yangu. Kila nilipokutana naye njiani niliipanga sentensi hiyo kichwani, naye akanisalimu vizuri, akaniuliza habari ya Igoki, akapita.

Nilianza tena na nyuki, peke yangu, kwenye ua wa shamba letu. Safari hii nilitaka mizinga ya masanduku inayokaa juu ya vigingi, chini, ninapofika kwa mikono yangu. Hakuna mtu wa kunipandia na hakuna mtu wa kuniletea habari. Wamekaa. Nyumba imekuwa na ugomvi na kimya na ugomvi tena, na nyuki hawajauliza.

Mwaka huu, maembe yakiwa yanachanua, nikasikia mtu anakohoa getini.

Alikuwa amezeeka. Shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Akaanza na kuku, akawauliza kama bado wanamjua, nami nikatoka bila kucheka. Akaniambia muguka umemchosha, ameung'oa nusu, akatia matikiti. Matikiti yametambaa vizuri, yametoa maua mpaka shamba limekuwa manjano, na yanaanguka.

"Tunapaka maua kwa mkono," akasema. "Unachukua ua la kiume unagusa la kike. Tunaanza asubuhi na vibarua, jua likipanda maua yamefunga. Hata robo hatufiki." Akacheka kidogo. "Nimekuwa mshenga uzeeni."

Nilimwona ameinama kwenye lile shamba lisilo na mti, anafanya kazi ya mdudu aliyemtilia mafuta ya taa, na sikufurahi kama nilivyotarajia. Alitaka mizinga yangu michache, ikae kwake mpaka matikiti yashike.

Nikamwambia nitampa. Akashtuka.

"Nitakupa jioni ya leo," nikasema, "hata kukubebea nitakubebea. Lakini ingia kwanza. Baba Igoki yuko ndani anakunywa chai, na mama mkwe anaota jua pale nyuma. Waambie nyuki wangu hawakuhama kwa sababu ya mdomo wangu. Sema hilo tu, uende na mizinga."

Hakuuliza nazungumzia nini. Hakujifanya hajui, na kwa hilo nilimheshimu kidogo. Aliangalia chini, akachora kitu mchangani kwa ncha ya fimbo.

"Unataka nimwambie nani?"

"Baba Igoki."

"Mama Igoki," akasema, kwa ile sauti yake ya huruma, ileile, "Baba Igoki anajua. Ndiye alinishikia ngazi. Miti yote ile, mimi mzee, ningepanda namna gani peke yangu? Nilidhani mlishaongea."

Niliushika mlango wa geti. Nakumbuka bati lilikuwa la moto. Yeye akangoja, kama anavyongoja siku zote, kisha akauliza taratibu, "Sasa ile mizinga?"

Nikafunga geti. Nilimsikia akikaa pale kidogo, kisha fimbo yake ikaanza kugonga mawe ya njia.

Mume wangu alikuwa bado mezani. Mkate uko nusu. Nilipopiga magoti mbele ya mama yake alikuwa anajua, na miaka yote niliyoinamisha kichwa alikuwa amekaa hapo hapo, anaangalia.

"Mwenyekiti alikuwa anataka nini?" akauliza.

"Anatafuta mtu wa kumshikia ngazi," nikasema, kwa sauti yangu ya zamani, ile inayofika kwa majirani. Nje, mama mkwe akaita akiuliza kuna nini.

Mume wangu akaweka kikombe chini. Hakuniuliza ni ngazi gani.